Msianze na Rangi

Masomo: Waraka kwa Filemoni; Wagalatia 6:1



Katika nyua nyingi za serikali, nyuma ya vituo vya polisi na kando ya karakana za wilaya, yako magari yaliyokwisha kusahauliwa. Baadhi yake ni Land Rover za zamani. Siku zake gari kama hilo lilipotokea kwenye kona, wapika gongo walificha mitungi yao, na mzee aliyeibiwa ng'ombe alipata moyo. Leo magurudumu yamezama ardhini, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na majani yamepanda mpaka kwenye kioo. Mpita njia husema, "Hicho ni chuma chakavu tu." Lakini wako watu, hasa huko Uingereza magari hayo yalikotoka, ambao hununua gari la polisi lililotupwa, wakalishughulikia kwa miezi au hata miaka, mpaka likaingia tena barabarani kwa nguvu zake lenyewe.

Kwaresima hii napenda tujifunze kwa mafundi hao, kwa sababu karibu kila parishi ina watu walio katika hali ya gari lile. Ni ndugu zetu waliokuwa wakitumika: katekista, mwimbaji, mzee wa kanisa, mama aliyeongoza wenzake. Walianguka, wakawekwa chini ya nidhamu ya kanisa, kisha wakasahauliwa uani. Nidhamu iliwekwa ili warudi. Sisi tukaigeuza kuwa kaburi. Na mmoja wao anapoanza kurudi, hatukubaliani la kufanya. Wengine wetu hutaka apakwe rangi Jumapili hiyo hiyo. Wengine hutaka abaki uani mpaka afe. Basi tufuate kazi ya fundi hatua kwa hatua, huku tumeufungua mbele yetu Waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni waraka mfupi, aya 25 tu, unaosomeka kabla maji ya chai hayajachemka.

1. Kwanza lijulikane ni gari gani

Land Rover ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Mojawapo ya magari yale ya maonyesho lilipotea lisijulikane lilipo. Mara ya mwisho lilitumika barabarani katika miaka ya 1960, likakaa shambani huko Wales kwa miaka 20 hivi, kisha likaachwa katika bustani ya mtu, kazi ya kulitengeneza ikiwa haijakamilika. Lilipopatikana, wataalamu wa kampuni walitumia miezi wakipekua kumbukumbu za zamani ili wawe na hakika kwamba ndilo lenyewe, na kujua limepitia mikono ya nani. Mwaka 1918 usingeweza kusema gari hilo litakuwapo. Lakini mwaka 2018 kampuni iliweza kutangaza kwamba litatengenezwa lirudi barabarani.

Hivi ndivyo fundi mwema aanzavyo. Hutafuta namba iliyogongwa kwenye chuma, kisha hutafuta namba hiyo katika vitabu. Haulizi kwanza, "Limeharibika kiasi gani?" Huuliza, "Wewe ni nani?"

Sisi hufanya kinyume. Mtu akianguka twampa jina la anguko lake: yule mla sadaka, yule mlevi, yule aliyeacha mke. Baada ya miaka mitano watoto wetu hawamjui kwa jina jingine. Mtume Paulo hakumwita mtu wake mtoro, ingawa alikuwa mtumwa aliyemwacha bwana wake. Alimwita Onesimo, akamwita mwanawe aliyemzaa katika vifungo. Na jina hilo Onesimo maana yake ni mtu wa kufaa. Paulo alicheza na maana hiyo: zamani hakukufaa, sasa anatufaa wote wawili, wewe na mimi.

Ndugu zangu, katika kabati la parishi liko daftari la ubatizo. Jina la yule tunayemsema vibaya limo mle, limeandikwa kwa wino. Hakuna mchungaji aliyelifuta. Hapo ndipo pa kuanzia.

2. Chasi kabla ya rangi

Land Rover zile zina siri moja ambayo kila mnunuzi hana budi kuijua. Baada ya Vita ya Pili chuma kilikuwa haba Uingereza, hivyo kampuni ya Rover ilitengeneza bodi kwa mabamba ya alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Kwa hiyo gari laweza kukaa mvuani miaka 30, na kwa nje, ukilipangusa vumbi, likaonekana zima. Lakini bodi hiyo imekaa juu ya chasi, na chasi ni ya chuma, imeundwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na matope huingia katika uwazi ule yakatulia. Kutu huanza ndani, pasipoonekana, ikala kuelekea nje. Siku tundu la kwanza linapoonekana, ndani kumekwisha kuliwa sana.

Ndiyo maana fundi mwenye busara haanzi kwa kutazama. Hulala chini ya gari akiwa na nyundo ndogo, akagonga chasi toka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Chuma kizima hulia. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, iliyokufa, na bisibisi ikisukumwa hapo hupenya. Palipooza hapapakwi kitu. Hukatwa mpaka kwenye chuma safi, ndipo kipande kipya kichomelewe. Muuzaji mjanja hupaka lami nyeusi chini ya gari kufunika mashimo. Lami hiyo huvutia macho siku ya mauzo, lakini gari likipita kwenye korongo na mzigo, chasi hukatika.

Bwana wetu aliwaambia Mafarisayo juu ya makaburi yaliyopakwa chokaa, mazuri kwa nje (Mathayo 23). Nasi tunayo alumini yetu. Suti ya Jumapili haishiki kutu. Kanzu nyeupe ya kwaya haishiki kutu. Sauti nzuri ya kuomba mbele ya watu haishiki kutu hata kidogo. Kinachooza ni kile kilichobeba hayo yote.

Kwa hiyo msianze na rangi. Mtu akiwa amekula fedha za kanisa, si huruma kumrudisha kwa kupigiwa makofi bila neno juu ya zile fedha. Mtu akiwa amempiga mkewe, si huruma kumtangazia msamaha na kumwacha mke akiwa na hofu nyumbani. Hiyo ni lami. Paulo alimpenda Onesimo kama moyo wake mwenyewe, lakini hakulificha deni. Alilitaja waziwazi katika waraka: kama amekudhulumu, kama unamdai kitu. Ukweli ukigongwa kwa nyundo ndogo unauma, lakini nyundo hiyo haikuletwa kuvunja gari. Imeletwa kutafuta mahali pazima pa kushikia kazi.

Na angalieni, fundi hashangilii akipata tundu. Asiyependa gari lile hangejisumbua kulala chini yake.

3. Injini iliyokwama haivutwi kwa kamba

Injini iliyosimama miaka mingi mara nyingi huwa imekwama. Pistoni zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu. Mwenye haraka hufunga kamba, akalivuta gari kwa trekta ili ligeuke kwa nguvu. Huenda likageuka, lakini ringi huvunjika, kuta za silinda huchubuka, na injini iliyokuwa ya kuponywa huwa ya kutupwa.

Fundi mzoefu hutoa plagi, akamimina mafuta mepesi katika kila silinda, akaondoka. Kesho huongeza. Keshokutwa hujaribu kwa hendeli, kwa mkono, kidogo mbele, kidogo nyuma. Isipokubali, huongeza mafuta tena, akangoja. Yaweza kupita wiki nzima mtu asione kazi yoyote iliyofanyika. Mafuta yanafanya kazi gizani.

Katika Wagalatia 6:1 Paulo anawaambia watu wa Roho wamrudishe aliyeghafilika katika kosa, na wafanye hivyo kwa upole, kila mmoja akijiangalia nafsi yake. Neno la Kiyunani alilolitumia kwa kurudisha huko ni lile lile linalotumika katika Marko 1:19, pale Yakobo na Yohana walipokuwa chomboni wakitengeneza nyavu zao. Mvuvi hauvuti wavu uliochanika kwa hasira. Hukaa nao mapajani, akatafuta uzi mmoja mmoja.

Ndugu aliyekwama hafunguliwi kwa kuitwa mbele ya halmashauri ya watu kumi na wawili na kuulizwa maswali kama kituoni. Huko ni kufunga kamba. Aende mtu mmoja, jioni, bila daftari. Aulize habari za watoto na za shamba. Arudi wiki ijayo. Mara ya kwanza hatafunguliwa mlango. Mara ya pili ataambiwa mwenye nyumba hayupo, na huku anakohoa chumbani. Aende mara ya tatu. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, na kila fundi wa injini atawashuhudia.

4. Breki kabla ya safari

Injini ikikubali kuwaka, watu wote uani hushangilia, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Mwenye gari hutaka aliendeshe siku hiyo hiyo. Lakini gari lililoweza kwenda na lisiloweza kusimama ni baya kuliko lililokwama.

Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Katika miaka ya kusimama, unyevu huo hula silinda za breki kwa ndani, na mipira yake hukakamaa. Tairi nazo zaweza kuwa na meno marefu kama mapya, lakini mpira umezeeka na kupasukapasuka ubavuni. Nyaya huwa zimetafunwa na panya, na ukiunga betri bila kuzikagua waweza kuliunguza gari lote. Petroli ya zamani imegeuka utomvu ndani ya tangi na kuziba kabureta. Haya yote hushughulikiwa kabla ya safari, na safari ya kwanza huwa fupi, taratibu, na mtu mwingine akifuata nyuma.

Vivyo hivyo kwa ndugu anayerudi. Aliyeangushwa na fedha asipewe mfuko wa sadaka ashike, hata kama analia machozi ya kweli. Si kwamba hatumwamini Mungu. Ni kwamba twampenda ndugu yetu, hatutaki kumwekea mteremko kabla breki hazijashika. Aliyeangushwa na pombe apate rafiki wa kupita naye njia nyingine siku ya mshahara.

Onesimo hakurudi peke yake. Wakolosai 4 yatuambia kwamba alisafiri pamoja na Tikiko, na Paulo akamtaja Onesimo kuwa ndugu mwaminifu, mpendwa, aliye mtu wa kwao. Tena mwishoni mwa waraka kwa Filemoni Paulo aliomba aandaliwe mahali pa kulala, kwa sababu alitumaini kuja. Hakumtuma mtu akamsahau. Alikusudia kufika kuona gari linakwendaje.

5. Nani atalipa?

Kila aliyewahi kufufua gari la zamani atakuambia kwamba mara nyingi gharama hupita bei ya gari lenyewe sokoni. Kwa hesabu ya kawaida ni hasara. Mtu hulipa kwa sababu ameamua kwamba gari hili lisife.

Paulo alikuwa mzee, tena mfungwa. Hakuwa tajiri. Lakini alishika kalamu kwa mkono wake mwenyewe akaandika kwamba deni la Onesimo aandikiwe yeye, naye atalipa. Ndugu zangu, hapo twaiona Injili yote katika mstari mmoja wa hesabu. Ndivyo Kristo alivyotufanyia sisi. Alisimama mbele ya daftari la madeni yetu akasema, hayo yaandikwe kwangu. Hakuna hata mmoja kati yetu anayekwenda barabarani leo kwa vipuri alivyonunua mwenyewe.

Kwa hiyo kurudisha mtu kutaigharimu parishi yetu. Kutagharimu jioni zetu. Kutagharimu nauli ya mzee wa kanisa atakayekwenda mtaa wa mbali. Labda kutagharimu debe la mahindi kwa nyumba ambayo baba yake amepoteza kazi. Na kutamgharimu zaidi yule aliyekosewa, kama Filemoni alivyogharimiwa. Tusimwambie asamehe kana kwamba ni jambo rahisi. Tumwendee naye, tumsikilize naye, tumbebe naye.

6. Taa ya buluu

Sasa gari limetengenezwa, linakwenda. Lakini je, ni gari la polisi?

Huko Uingereza sheria hairuhusu gari la mtu binafsi kuwasha taa ya buluu wala kuliza king'ora barabarani, hata kama zamani lilikuwa la polisi kweli. Wenye magari ya namna hiyo huyapenda maandishi na taa zake, huyaonyesha kwenye maonyesho, lakini wakitoka barabarani huzima na kufunika. Kwetu nako, gari la polisi likiuzwa haliendelei kutumia namba za PT. Linapata namba za raia. Mamlaka haikuwa ndani ya bati wala ndani ya taa. Ilikuwa ya aliyelituma gari, nalo lilikuwa nayo kwa muda lilipokuwa limetumwa.

Hapa ndugu wengi huchanganyikiwa. Mtu akirudi, rafiki zake husema, "Mrudishieni cheo chake, la sivyo hamjamsamehe." Na adui zake husema, "Hafai cheo, basi asirudi kabisa." Wote wawili wamedhani kwamba barabara na taa ya buluu ni kitu kimoja. Sivyo. Barabara ni ya kila aliyebatizwa akatubu. Meza ya Bwana, benchi la kanisani, mkono wa salamu, kuzikwa na ndugu zake: hayo ni barabara. Cheo ni taa. Huwashwa na aliye na mamlaka ya kutuma, kwa wakati wake, kwa ajili ya usalama wa watu, wala si malipo ya machozi.

Mtu atauliza habari za Petro. Ni kweli, Petro alirudishiwa kazi ya kulisha kondoo (Yohana 21). Lakini kwanza Bwana alimpa mkate na samaki kando ya moto. Ndipo akamwuliza mara tatu juu ya upendo, mara tatu kama alivyokana. Chakula kilitangulia. Kazi ilifuata, nayo ilitoka kwa Bwana mwenyewe. Basi wengine watapewa tena kazi, na wengine watakaa benchini na sisi mpaka kufa kwao wakiwa na amani. Wote wamerudi nyumbani. Onesimo hakurudi apewe ukuu. Alirudi akiwa zaidi ya mtumwa, ndugu mpendwa. Je, kuna cheo kinachopita hicho?

Katika Kanisa la kale la Rumi, waliotengwa kwa ajili ya dhambi nzito walipokewa tena Alhamisi Kuu, ili Pasaka ikifika wawe pamoja na wenzao mezani. Kwaresima ilikuwa karakana yao. Nasi tunazo wiki hizi mbele yetu. Kila mmoja wetu aweza kutaja mtu mmoja aliyeko uani. Wengi hawatahitaji kufikiri sana, maana nyumba yake huipita kila Jumapili wakija ibadani.

Maswali ya kujiuliza nyumbani

1. Nani katika mtaa wetu tumemwita kwa jina la kosa lake mpaka tumesahau jina lake la ubatizo?
2. Katika maisha yangu, alumini yangu ni ipi? Bwana akigonga chasi atasikia sauti gani?
3. Ni nani nitakayemtembelea juma hili, na nitaenda peke yangu bila daftari?
4. Je, yupo aliyekosewa ambaye sote tumemwendea mkosaji na kumwacha yeye bila mfariji?

Na tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyetutafuta tulipokuwa tumetupwa, ukatuita kwa majina yetu na kulipa deni letu: utupe macho ya kuwaona ndugu zetu waliosahauliwa, ukweli usioficha kutu, upole usiochoka kungoja, na unyenyekevu wa kujua kwamba mamlaka yote ni yako. Uwarudishe walio mbali, uwafariji waliokosewa, na Pasaka ikifika utukute sote katika meza moja. Kwa ajili ya jina lako takatifu. Amina.